Wikiendi moja Logroño na mama mdogo asiyekunywa: kwa nini Jumamosi iliharibika na Jumapili ikanoga

Watu wakisikia Logroño, mji wa kaskazini ya Hispania, wanawaza mvinyo tu, basi, na kama kwenye msafara kuna mtu hanywi au hali nguruwe wanaufuta mji palepale kabla hata ya kuangalia nauli. Mi nakaa Bilbao, hiki kisa ni cha familia yangu mwenyewe, na nakiandika kwa kirefu kwa sababu kila mwaka kuna mtu ananiuliza jambo hilohilo, mzazi anakuja kutembea, tumpeleke wapi. Jibu langu ni Logroño hiyohiyo, maana ile Jumamosi yetu iliharibiwa na meza, dini na nguruwe vilisingiziwa tu.

Wahusika ni hawa. Dada yangu na shemeji, wanaishi Uingereza. Binti yao yuko chuo, mdogo wake wa kiume ana miaka 16. Na mama mdogo, katoka Tanga kuja kuwaona, mtu mzima ameshahiji, ushungi haumtoki kichwani, pombe hagusi, na nguruwe hataki hata sahani iliyopita karibu naye. Shemeji yeye ni wa Dodoma, kakulia pembeni ya mashamba ya zabibu, na ndo yeye aliyeitaka hii safari kwa moyo wote, maana Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka na alitaka aone hawa wanaovuna mara moja tu wamefikaje walipofika. Ilikuwa Oktoba, majani ya mizabibu yameshaanza kuwa mekundu, wakati mzuri sana.

Mji wenyewe ni mdogo, watu kama laki moja na nusu, ndo makao makuu ya jimbo la La Rioja, umekaa kando ya mto Ebro, na basi kutoka Bilbao halifiki masaa mawili au yanazidi kidogo. Katikati unamaliza kwa miguu bila kuchoka. Kanisa kuu la Santa María de la Redonda na minara yake miwili pacha, barabara ya Portales yenye matao unayotembea chini yake hata mvua ikinyesha, bustani ya Espolón, alafu vichochoro vya baa, Calle del Laurel na San Agustín upande mmoja, Calle San Juan upande mwingine. Ndo vichochoro hivyo watu wanavyovijia.

Jumamosi sikuwepo, nilikuwa kazini, kwa hiyo haya nimeyapata kwao, na nimemuuliza kila mmoja peke yake maana walivyosimulia wote kwa pamoja sikuelewa kitu. Walishuka kwenye basi saa tisa na nusu mchana wakiwa na njaa, wakapitia hotelini kuacha mizigo na mama mdogo aswali, wakatoka, mpaka wanafika Laurel ni saa kumi na nusu na mtaa umeshalala. Viti vimepandishwa juu ya meza, majiko yamezimwa, mtu mmoja anafagia. Wakazunguka wee, njaa inazidi, kijana ananuna, mpaka saa kumi na mbili wakaona sehemu iko wazi, ina menyu ya picha nje na meza kubwa ya watu watano, wakasema alhamdulillahi wakakaa. Mama mdogo akaona viazi vya mchuzi kwenye picha, akaagiza viazi, nani anaogopa viazi? Sasa viazi vya huku, patatas a la riojana, vinapikwa na chorizo, soseji ya nguruwe yenye pilipili nyekundu, na ile rangi nzuri ya mchuzi inatoka humohumo kwenye chorizo. Alikuwa ameshatia kijiko mdomoni. Binti ndo aliyeona kipande, akamshika mkono bibi yake.

Aliweka kijiko chini na hakusema neno, na wanaomjua mama mdogo wanajua kwamba akinyamaza ni vibaya kuliko akigomba. Alafu bili ikaja moja, dada akataka ipasuliwe kila mtu alipe chake kama walivyozoea kule kwao, weita akagoma, maneno kidogo. Wakatoka hapo saa mbili na nusu usiku wakaingia Laurel, na hapo ndo wakakuta mtaa umejaa mpaka huwezi kugeuka, vijana wamekuja toka miji mingine kumsindikiza rafiki yao anayekaribia kuoa, wamevaa magauni na mawigi, wanaimba, na mmoja akamwagia mama mdogo mvinyo kwenye mkono wa buibui. Basi. Mama mdogo na binti wakarudi hotelini, dada na shemeji wakabaki barabarani wanalaumiana, na usiku huo dada kanipigia simu ananiambia kesho asubuhi wanapanda basi la kwanza. Nikamwambia dada, nisubirini nakuja, msipande kitu.

Sasa tuchambue, na nianze na saa kwa sababu ndo rahisi. Hispania mtu anakula mchana kuanzia saa saba hadi saa tisa na kitu, baada ya hapo majiko yanafungwa, yanafunguliwa tena kwenye saa mbili usiku, na huo muda wa katikati ukikuta sehemu inapika mara nyingi imewekwa kwa ajili ya mgeni mwenye njaa. Hilo watu wengi wanalijua. Wasichokijua ni kwamba Laurel ya Jumamosi usiku na Laurel ya Jumapili mchana ni mitaa miwili tofauti kabisa. Jumamosi usiku ni ya hao wenye mawigi, Logroño inajulikana Hispania nzima kwa zile sherehe za kuaga ukapera. Jumapili mchana watu wanatoka kanisani, babu kavaa koti, bibi kapaka rangi ya mdomo, mama anasukuma kigari cha mtoto, na wote wako kwenye baa hizohizo wanakula kidogokidogo kabla ya chakula cha nyumbani. Mtu mzima mwenye heshima zake ukimpeleka saa saba na nusu Jumapili anakutana na watu wa rika lake. Mi nilifika asubuhi, nikawaambia tusile chochote kizito, na saa saba tukaingia mtaani.

Kabla hatujaingia nikawaambia kitu kimoja tu, leo hatukai. Hapa ndo penye kisa chote. Ile baa ya Logroño ni chumba chembamba, kaunta, jiko dogo, basi. Haikujengwa ili watu sita wakae masaa mawili na menyu. Imejengwa ili uingie, useme unataka ngapi, upewe, ule umesimama, ulipe, utoke, na nyingi zimejichagulia kitu kimoja cha kuringia ambacho wanakipika siku nzima mwaka mzima. Baa ya Soriano ni uyoga, vichwa vitatu vimepangwa juu ya mkate na kijiti, kamba mdogo juu yake, mchuzi wa kitunguu saumu unachuruzika, na jamaa pale kwenye bati anageuza uyoga tu toka anafungua mpaka anafunga. Blanco y Negro wanajulikana kwa matrimonio, samaki wawili wadogo wa dagaa hivi, mmoja wa chumvi mmoja wa siki, na pilipili hoho ya kijani ndani ya kimkate. Juan y Pinchamé ni kamba na nanasi kwenye kijiti. Sebas watu wanaenda kwa ile tortilla nene ya mayai na viazi. El Perchas ni masikio ya nguruwe ya kukaanga, hapo sisi tulipita tu. Ukienda Forodhani jioni utakuta meza kumi zimepangana na zote zinauza kitu kilekile na kila mmoja anakuvuta kwake, huku ni kinyume, mara nyingi jirani hauzi unachouza wewe, kwa hiyo hakuna anayekuvuta na hakuna anayenuna ukitoka umekula kipande kimoja. Ukitaka mlo unatembea. Mtaa mzima ndo jiko, na wewe ndo unayepanga sahani yako kwa miguu.

Na hili ndo lililommaliza mama mdogo wasiwasi, kitu ambacho hakuna kitabu cha watalii kilichowahi kuniambia. Kwenye mgahawa wa menyu ndefu, jiko moja linapika samaki na nguruwe na mayai, mafuta yaleyale, mwiko uleule, hata ukiagiza samaki huna uhakika. Lakini mahali panapopika uyoga peke yake, bati ni la uyoga. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni akamwangalia yule mpishi kwa muda mrefu tu, anahakikisha kama kuna kitu kingine kinapita pale, alafu akaniambia, "Mwanangu, huyu hana kingine. Niagizie, lakini mchuzi wake asinitilie." Ule mchuzi ni siri ya nyumba, ndo maana aliukataa, na nadhani alifanya sawasawa, mtu anayejali kama kuna mvinyo ndani ya mchuzi aidha aulize au auache. Siki kwenye samaki kwake haikuwa na neno.

Mitego ipo, nisidanganye. Ule mshikaki wao unaoitwa pincho moruno una viungo vya kimoroko na jina la kimoroko na mtu wa pwani akiusikia harufu anajua yuko nyumbani, kumbe siku hizi nyama yake sehemu nyingi Hispania ni nguruwe, kwingine kondoo, lazima uulize na hata ukiambiwa kondoo bado hajachinjwa unavyotaka wewe. Croquetas, vile vidonge vya kukaanga, nyingi zina ham ndani, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Maharage na kunde za huku zinapikwa na chorizo karibu kila mahali. Mashavu ya nyama ya mchuzi mweusi yamepikwa kwenye mvinyo. Na ukiuliza usiulize "kuna nyama?", kwa sababu wapo wanaojibu hapana kwa moyo mweupe kabisa wakati kuna vipande vya ham, kwao vile ni kiungo, nyama ni ile ya kukata kwa kisu. Uliza kwa jina, ¿lleva cerdo?, ¿lleva jamón?, ¿lleva chorizo?, yaani ina nguruwe, ina ham, ina chorizo, yote matatu, hawachoki wala hawakasiriki.

Kinywaji ndo kilichomshangaza dada zaidi. Alikuwa anaogopa mama mdogo atasimama katikati ya watu wenye glasi akiwa na chupa ya maji kama mtu wa adhabu. Lakini baa za kaskazini ya Hispania zina mosto, maji ya zabibu zilezile ambazo hazijachachushwa, unapewa kwenye glasi ya heshima na barafu, mara nyingine na kipande cha chungwa au zeituni, watoto wanakunywa, madereva wanakunywa, bibi wa pembeni yetu alikuwa anakunywa. Mama mdogo akanywa, kijana akanywa, akaomba ya pili. Kwenye bia kuwa makini, ile wanayoiita "sin" inaruhusiwa kubaki na kilevi kidogo mpaka asilimia 1, anayetaka isiyo na kitu aseme "cero cero" ili apewe ile ya 0,0. Hii ni tofauti ndogo lakini kwa mtu kama mama mdogo ni tofauti kubwa na naona sio haki kumficha.

Pesa. Huku tapas, yaani hivi vipande vidogo vya baa, sio bure, usichanganye na Granada au León ambako unapewa kipande ukinunua kinywaji, Logroño kila kipande kina bei yake, euro mbili tatu hivi, nne kikiwa kizuri, na mvinyo wa glasi ni nafuu mno. Sasa watu sita wakiingia baa sita na kila mtu anataka risiti yake, hapo hata mi ningegoma kama ningekuwa weita. Wenyewe wanafanya bote, yaani kila mtu anatoa kiasi sawa mwanzoni, mmoja anashika, analipa kila mahali mpaka iishe, ikiisha mnachangishana tena. Mtu aliyekulia kwetu na michango ya kila aina hahitaji kufundishwa hili. Swali likawa moja tu na mama mdogo ndo aliyeliuliza, mbona mi nichangie mvinyo wa shemeji yako? Na alikuwa na haki, kwake hilo sio suala la euro mbili. Tukatenga mifuko miwili, wa chakula alishika mama mdogo mwenyewe, wa mvinyo akashika shemeji, wanalipa tofauti hapohapo kaunta, na hakuna weita aliyetuuliza kitu kwa sababu kwake ni malipo mawili madogo. Kumpa yeye mfuko wa chakula ilikuwa uamuzi bora wa siku nzima, alianza kuulizia bei, akawa ndo anayesema hapa tosha twendeni mbele.

Miguu yake ndo ilikuwa kikomo. Kusimama kwa mtu wa umri ule sio mchezo, kwa hiyo tulikula baa mbili tatu, tukaenda kukaa chini ya matao ya Portales mbele ya Redonda kwa kahawa, alafu tukarudi raundi ya pili San Juan ambako kuna nafasi zaidi kidogo.

Kuna jambo moja ambalo ningeshauri kila mwenye mzazi Mwislamu alipange mapema. Njia ya mahujaji Wakristo wanaokwenda Santiago inapita Logroño, wanaingia kwa daraja la mawe la Puente de Piedra, wanakata mtaa wa Ruavieja, na mama mdogo alipoona watu wa umri wake na fimbo na mabegi mgongoni, akaambiwa wanatembea kwa ajili ya ibada, alisimama kabisa kuwaangalia na kumuuliza mama mmoja kupitia kwangu miguu inamuumaje. Sasa njia hiyohiyo inakupitisha kanisa la Santiago el Real, na juu ya mlango wake kuna sanamu kubwa ya mtakatifu Santiago juu ya farasi, upanga mkononi, na chini ya kwato za farasi ni Waislamu. Inahusu vita vya Clavijo kati ya Wakristo na Waislamu, inasemwa ni mwaka 844, kijiji chenyewe ni karibu tu na mji, na wanahistoria wanavichukulia vita hivyo kuwa ni hekaya. Mi nilimweleza mama mdogo kabla hatujafika, nikampa na njia nyingine ya kupita kama hataki. Akataka kuona. Akaangalia juu, akauliza ilichongwa lini, nikamwambia karne ya 17, akasema hao waliochonga hawakuwepo vitani basi, akaendelea na safari. Angekutana nayo bila kuambiwa naamini siku ingeharibika mara ya pili, na kwa sababu ya haki zaidi kuliko viazi.

Na shemeji je. Yeye Jumatatu asubuhi alivuka daraja la chuma, Puente de Hierro la mwaka 1882, kwenda Bodegas Franco-Españolas ng'ambo ya mto, nyumba ya mvinyo iliyoanzishwa 1890, alikuwa ameweka nafasi kabla. Mi nilimsimulia njiani ninayoyajua maana swali lake lilikuwa zito, hawa wamefikaje hapa. Ukiwa Espolón kuna sanamu ya Jenerali Espartero juu ya farasi. Msaidizi wake, Luciano Murrieta, ndo aliyetengeneza mvinyo kwa mtindo wa Bordeaux ya Ufaransa kwenye ghala la huyo jenerali hapahapa Logroño mwaka 1852. Baadae kidogo mdudu wa filoksera, anayeua mizabibu, akaingia mashamba ya Ufaransa, wafanyabiashara wa Bordeaux wakakosa mvinyo, wakashuka huku na mapipa yao na maarifa yao, reli ilikuwa imeshafika miaka ya 1860, ndo miji ya Haro na Logroño ikafunguka. Mdudu mwenyewe alikuja kufika Rioja mwisho wa karne ile, lakini soko lilikuwa limeshajengwa. Alafu kanuni. Tangu 1925 jina la Rioja linalindwa, na mwaka 1991 ikawa ya kwanza Hispania kupewa daraja la juu kabisa, Calificada. Mvinyo mwekundu unaoitwa crianza lazima ukae miaka 2, angalau 1 ndani ya pipa, ule wa gran reserva miaka 5, na chupa ina kibandiko nyuma kinachokuambia hivyo. Ndo maana Laurel mtu haombi mvinyo wa kampuni flani, anasema tu crianza na anajua anapewa nini.

Shemeji alirudi kimya, alafu akaniambia zabibu zetu hazina kasoro, ila mtu akinunua chupa ya Dodoma hana kitu cha kumwambia ndani kuna nini na imekaa muda gani. Nakubaliana nae kwa kiasi, ila naona kabla ya kibandiko kuna reli na kuna mnunuzi aliyekuja mwenyewe na pipa lake, na hivyo huwezi kuviandika kwenye kanuni. Hatujamaliza huo mjadala.

Sasa wanapanga kurudi. Shemeji anataka Septemba, wiki ya San Mateo, karibu na tarehe 21, wanakanyaga zabibu za kwanza pale Espolón na maji yake yanatolewa kwa Bikira Maria wa Valvanera. Mi nimewaambia kwa mama mdogo Septemba hapana, ule umati ni Jumamosi yake mara kumi, waje tarehe 11 Juni, San Bernabé. Siku hiyo wanakumbuka mwaka 1521 Wafaransa walipouzingira mji na watu wakaishi kwa samaki wa Ebro, mkate na mvinyo, na mpaka leo vinagawiwa kwa yeyote anayepanga foleni pale lango la Revellín. Samaki na mkate ni vya mama mdogo, glasi ampe shemeji, na foleni inaanza asubuhi kwa hiyo waje na kiti cha kukunja.